Macho mekundu: yanayokwenda kombo kati ya chupa na jicho

Siku ya kwanza karibu kila mtu hufanya lile lile. Anaamka kope zimegandana, anajitazama kwenye kioo, jicho limeiva, halafu anapekua droo kutafuta chupa ya dawa ya macho iliyobaki mara ya mwisho, iwe yake au ya mtu mwingine nyumbani. Chupa hiyo ndiyo inayoleta kazi kubwa kliniki ya macho wiki mbili baadaye. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ungekwisha bila dawa yoyote, lakini sasa kuna na madhara ya kilichotiwa jichoni, na hayo ndiyo yanayosumbua kutibu.

Sehemu inayovimba ni kiwambo cha jicho, ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na kugeuka kufunika upande wa ndani wa kope. Kikichokozwa na virusi, bakteria, vumbi, chavua, moshi au sabuni, kina jibu moja tu: mishipa yake ya damu hutanuka. Kwa hiyo wekundu haukuambii sababu. Sababu itafute kwenye matongotongo, kwenye muwasho, na kwenye hali ya watu anaoishi nao mgonjwa.

Virusi huanza na jicho moja. Machozi yanatiririka, mgonjwa analalamika kwamba anahisi mchanga, na siku mbili tatu baadaye jicho la pili linafuata. Ukimgusa mbele ya sikio, upande wa jicho lililotangulia, mara nyingi unakuta tezi ndogo iliyovimba na inayouma. Pengine ana mafua au koo linamkereketa, au amekaa karibu na mtu mwenye macho kama yake. Bakteria wao hutoa usaha mzito wa njano au kijani, unaorudi mchana kutwa kila ukiufuta. Mzio huja macho yote mawili kwa pamoja, na alama yake kubwa ni muwasho: mtu hawezi kuacha kufikicha. Uteute wake ni mweupe, unavutika kwa nyuzi, na mara nyingi chafya haziko mbali.

Wengi hudanganywa na asubuhi. Kope kugandana baada ya usingizi hakuthibitishi bakteria, maana machozi ya virusi nayo hukauka usiku na kugandisha. Afadhali kupima mchana. Safisha jicho vizuri, likae saa moja, kisha litazame tena. Kona ikiwa imejaa usaha upya, shuku bakteria. Yakiwa ni maji tu, huenda ni virusi au mzio. Usaha ukirudi kwa wingi ndani ya dakika chache baada ya kufuta, hilo ni jambo jingine kabisa, nitalifikia. Na tukubali kwamba hata daktari akitazama tu kwa macho hukosea mara kwa mara. Ndiyo maana mwenendo wa siku tatu za mwanzo una thamani kuliko jina la ugonjwa alilopewa mgonjwa siku ya kwanza.

Tuanze na virusi, kwa kuwa ndivyo vinavyowaudhi watu zaidi. Mara nyingi ni adenovirusi, na havina dawa ya matone inayoviua. Kloramfenikoli haivigusi, wala gentamaisini, wala siprofloksasini, kwani zote ni antibayotiki, dawa za bakteria. Mgonjwa akiambiwa hivyo huondoka na hasira, na wako watoa huduma wanaompa antibayotiki ili tu asirudi kulalamika. Siipendi tabia hiyo. Kati ya siku ya tatu na ya tano jicho huwa baya zaidi kuliko lilivyoanza, hata likitunzwa vyema. Mwenye chupa ya antibayotiki huamini kwamba dawa imeshindwa, akanunua ya pili, kisha ya tatu iliyochanganywa na steroidi, dawa inayozima uvimbe pamoja na kinga ya jicho. Asiye na chupa, lakini aliyeambiwa mapema kwamba siku hizo zitakuwa mbaya, hutulia.

Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi mara kadhaa kwa siku, na machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho tu, mara nne hadi sita. Ukiyahifadhi machozi hayo kwenye friji, ubaridi wake peke yake ni nafuu. Kwa kawaida ugonjwa huchukua wiki moja hadi mbili, mara nyingine tatu. Baadhi ya watu, wekundu ukiwa umeshaondoka, huanza kuona ukungu na kuumizwa na mwanga. Hapo vidoa vidogo vya kinga ya mwili vimejitokeza kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho mwenye darubini yake, na yeye ndiye anayeweza kuamua kama steroidi dhaifu inafaa na kwa muda gani.

Ipo pia aina ya virusi inayovujisha damu chini ya kiwambo hadi weupe wa jicho ugeuke mabaka mekundu. Ilitambuliwa kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ule ule Apollo 11 ilipotua mwezini, na ndiyo sababu mahali pengi watu waliiita Apollo. Inatisha kuitazama, ila damu hiyo hufyonzwa yenyewe.

Kuambukiza kwa macho ya virusi hakuna mzaha. Adenovirusi huweza kukaa kwenye sehemu kavu kwa wiki kadhaa: kitasa cha mlango, simu, foronya. Kitakasa mikono chenye alkoholi hakitegemeki sana dhidi yake. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo ngao, na sehemu zinazoshikwashikwa zifutwe kwa dawa yenye klorini. Kila mtu awe na taulo lake. Maadamu jicho bado linatoa machozi, mhesabu mgonjwa kuwa anaambukiza, na hali hiyo yaweza kufika siku kumi na nne. Kosa ninalolikemea zaidi ni la chupa moja ya familia: baba anatia, mama anatia, watoto wanatiwa “kujikinga”. Ncha ikigusa kope moja yenye ugonjwa, kila tone linalofuata linaweza kubeba vimelea kupeleka kwenye jicho lisilougua. Hata kwa mtu mmoja, usitie dawa kwenye jicho lisilougua kwa chupa iliyogusa linaloumwa.

Bakteria wanatibika kwa urahisi, na kesi nyepesi kwa mtu mzima mwenye afya huweza kuisha zenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Antibayotiki hufupisha siku hizo na kupunguza maambukizi. Inayotumika sana ni kloramfenikoli ya matone ya asilimia 0.5: tone moja kila saa mbili muda uko macho kwa siku mbili za kwanza, kisha mara nne kwa siku, jumla siku tano. Mafuta yake ya asilimia 1 hupakwa usiku ikiwa mchana unatumia matone, au mara tatu hadi nne kwa siku yakiwa peke yake. Mwenye historia ya uboho kushindwa kutengeneza damu, yeye au ndugu zake wa karibu, amwambie mfamasia ili apewe nyingine. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 nayo hufanya kazi vizuri. Gentamaisini ya asilimia 0.3 haina ubaya kwa siku chache, ila ikiendelezwa kwa wiki huchubua uso wa konea, na mgonjwa akisikia mchomo huo anadhani ugonjwa umerudi, basi anaongeza matone.

Dalili ya kwamba dawa inafanya kazi ni usaha kupungua ndani ya siku mbili, kabla hata wekundu haujapungua. Kama siku tatu zimepita na usaha uko vile vile, usibadilishe chupa mwenyewe. Jicho hilo lifunguliwe na mtu mwenye taa na darubini. Na likipona siku ya tatu, maliza siku tano ulizoandikiwa, kisha simama. Hakuna faida ya kuendelea kutia “mpaka chupa iishe”.

Sasa namna ya kutia, maana hapa ndipo dawa nzuri hupotea. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha kope kwanza, kwa sababu tone likidondoka juu ya tongotongo halifiki kunakohusika: chukua pamba safi iliyolowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, futa mara moja kutoka kona ya ndani kwenda nje, itupe, chukua nyingine. Yaliyokauka kama ganda usiyabandue. Weka kitambaa chenye uvuguvugu juu yake kwa dakika mbili, yatalainika yenyewe. Kisha inamisha kichwa nyuma au lala chali. Vuta kope ya chini kwa kidole cha shahada mpaka uonekane mfuko mwekundu kati ya kope na jicho. Tazama juu. Shika chupa wima, ncha ikiwa sentimita mbili hivi juu ya jicho, minya tone moja litue mfukoni. Usililenge katikati ya jicho: konea ina neva nyingi mno, na tone likitua pale kope hujifunga kwa nguvu na dawa yote inaishia shavuni. Ukishatia, fumba jicho taratibu bila kukaza wala kupepesa, na ukandamize kwa kidole kona ya ndani, ubavuni mwa pua, kwa dakika moja au mbili. Pale pana mfereji wa machozi unaoshuka puani mpaka kooni. Uchungu unaousikia kooni baada ya kutia dawa ni dawa iliyokimbia jicho.

Tone moja latosha, hata kama mtu anakuambia mawili. Tone la kawaida ni kama mikrolita 50, na mfuko wa jicho hubeba kama 30. Yaani tayari moja linafurika, na la pili likifuata papo hapo linasukuma la kwanza nje. Piga hesabu: chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Macho mawili, kila saa mbili mchana kwa siku mbili, kisha mara nne kwa siku tatu, hayafikii 60. Chupa ikikauka siku ya tatu, jua nyingi imeenda shavuni. Kama una dawa mbili tofauti, ziachanishe kwa dakika tano. Mafuta yawe ya mwisho siku zote, kwani yakitangulia hufunika jicho na matone hayapenyi.

Mafuta yana adabu zake. Tyubu ikiwa ngumu, ishike kiganjani dakika chache ilainike. Vuta kope ya chini vile vile, minya mstari wa sentimita moja ndani ya mfuko kuanzia kona ya ndani kwenda nje, ukate kwa kuizungusha tyubu kidogo, bila kugusa jicho wala kope. Fumba, zungusha jicho huku limefumbwa. Utaona ukungu kwa dakika kumi hadi ishirini, kwa hiyo usiyapake kisha ukaendesha gari. Kwa watoto wadogo naona mafuta ni bora kuliko matone, sababu mtoto akilia hayasafishwi yote. Ikilazimu matone, mlaze chali, afumbe macho, dondosha tone kwenye kona ya ndani, subiri. Akifumbua, litaingia lenyewe. Hakuna haja ya watu watatu kumkamata.

Soma karatasi ya dawa kuhusu hifadhi. Matone mengi ya kloramfenikoli hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, wakati mafuta yake hukaa kwenye joto la kawaida la chumba. Siku ya kufungua, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Matone mengi hayapaswi kupita siku 28 tangu kufunguliwa, hata kama tarehe ya kuisha muda iliyochapwa ni ya mwaka ujao. Na kabla ya kutia chochote, soma jina kwa sauti. Dawa ya masikio huingia jichoni kimakosa, na hata gundi kali, kwa sababu chupa zinafanana.

Steroidi ndiyo mlango wa upofu unaonunuliwa kirahisi. Ziangalie kwenye kibandiko: majina yanayoishia na “sone” au “olone”, mathalani deksamethasoni (dexamethasone) na prednisoloni (prednisolone). Mara nyingi zimechanganywa na antibayotiki kama neomaisini katika chupa moja, na mtu anaamini amenunua antibayotiki tu. Usiku mmoja wekundu umeondoka, naye anawasifia jirani zake dawa hiyo. Kilichotokea ni kwamba kinga ya jicho imezimwa, sababu ya ugonjwa iko pale pale. Kama chanzo kilikuwa virusi vya hepesi, kidonda kwenye konea hutawanyika na kuacha kovu mbele ya mboni. Hepesi huanza kwa unyenyekevu kabisa: jicho moja jekundu, machozi, pengine malengelenge madogo kwenye kope. Dawa yake ni ya kuua virusi, kama mafuta ya asaikloviri ya asilimia 3 mara tano kwa siku, chini ya uangalizi. Steroidi ikiendelea kwa wiki kadhaa, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote, ikaula mshipa wa fahamu wa jicho polepole. Ikiendelea miezi, mtoto wa jicho huja hata kwa kijana. Neomaisini nayo ina vituko vyake: baadhi ya watu hupata mzio kwayo, ngozi ya kope ikawa nyekundu, inawasha na kubabuka, nao wanapaka zaidi.

Chupa za “kuyafanya macho meupe” hazitibu kitu. Hubana mishipa ya damu kwa saa chache, na zikizoeleka wekundu hurudi mkali kuliko mwanzo.

Wenye mzio ndio wanaoishia kutumia steroidi kwa miaka, hasa watoto wenye ule mzio mkali wa kwenye joto na ukavu, unaowapata zaidi wavulana na kuota vinundu chini ya kope ya juu. Mzazi amechoka, mtoto anafikicha usiku kucha, na chupa iliyosaidia mara moja inarudiwa kila msimu. Njia salama inataka subira. Kromoglikati ya asilimia 2 hutiwa mara nne kwa siku, na faida yake kamili huchukua siku hadi wiki, kwa hiyo anayeitia leo na kuitupa keshokutwa hajaijaribu bado. Olopatadini ya asilimia 0.1 au ketotifeni, mara mbili kwa siku, hutuliza muwasho mapema zaidi. Ongeza kunawa uso baada ya vumbi, kitambaa baridi, na kukomesha kufikicha. Kufikicha kwa miaka kunahusishwa na konea kudhoofika na kuchongoka, na miwani ya kawaida hushindwa kulirekebisha hilo.

Yako macho mekundu ambayo hayasubiri hata usiku mmoja. Usaha mwingi unaojaa tena ndani ya dakika, kope zimevimba na jicho linauma: huenda ni vimelea vya kisonono, ambavyo hupenya hata konea isiyo na jeraha na vinaweza kuitoboa kwa siku moja au mbili. Kinachotakiwa ni sindano ya antibayotiki na kuosha jicho mara kwa mara, matone peke yake hayatoshi. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye usaha jichoni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ya kisonono hujitokeza mara nyingi siku ya 2 hadi ya 5, ya klamidia, vimelea vingine vya zinaa, siku ya 5 hadi ya 14. Yale mafuta ya tetrasaiklini anayopakwa mtoto mara moja baada ya kuzaliwa ni kinga. Ugonjwa ukishaanza, hayo hayatoshi, na mama na mwenzake lazima watibiwe. Ila jicho la mtoto mchanga ambalo ni jeupe, linalotoa machozi tu na matongotongo kidogo, mara nyingi ni mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Daktari akishalitazama, kinachohitajika kwa kawaida ni kukanda kona ya ndani.

Wengine wa kukimbia: mvaaji wa lenzi za jichoni, ambaye azivue mara moja na asizitupe kabla daktari hajaziona, kwa sababu bakteria wanaopenda lenzi hawashikiki kwa kloramfenikoli. Vilevile mwenye maumivu makali, anayeumizwa na mwanga, anayeona ukungu usioondoka akipepesa, mwenye doa jeupe kwenye konea, au aliyeingiwa na kemikali. Wa kemikali aoshwe kwa maji mengi palepale, angalau nusu saa, ndipo aanze safari.

Jicho jekundu la mtu mzima linalovuta wiki nyingi, chupa baada ya chupa bila kupona, huweza kuwa klamidia ya uzazi iliyohamia jichoni kwa mkono. Watu huona aibu kuulizwa. Lakini tiba yake ni vidonge, kwake na kwa mwenzake. Vikope, yaani trakoma, ni jamaa wa vimelea hivyo: hutibiwa kwa azithromaisini ya kumeza dozi moja, au mafuta ya tetrasaiklini mara mbili kwa siku kwa wiki sita, na wiki sita maana yake sita.

Maziwa ya mama, mkojo, majani, limau, asali, mate: vyote vimeshatiwa kwenye macho, na vyote hubeba vijidudu au kuunguza. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yana heri kuliko vyote hivyo.

Ukienda kliniki, beba kila chupa na kila tyubu uliyotumia, hata ile ya kuazima, na useme ulianza lini. Usiogope kukaripiwa. Anayekutibu akijua umetia steroidi kwa wiki tatu, atapima presha ya jicho na kutafuta hepesi kabla hajaandika lolote. Kama atachukua sampuli ya usaha, mwambie na saa uliyotia antibayotiki mara ya mwisho, maana iliyotiwa asubuhi ile inaweza kuwaficha bakteria anaowatafuta.